Mume wa Bibi na Mgomba Uitwao Mahari

Muganyizi hajavua hata viatu vya shule, boksi likamwamkia.

"Shikamoo, mzee mwenye shamba," lilisema kutoka kwenye boriti ya jiko, katikati ya ungo na fungu la vitunguu. "Pole na safari. Migomba yako yote ni mizima, isipokuwa mmoja ambao mkeo hataki tuuzungumzie."

Muganyizi aligeuka nyuma kumtafuta huyo mzee. Nyuma yake palikuwa na kuku mmoja tu, naye hakuwa na umri wa kuamkiwa. Muganyizi mwenyewe alikuwa kidato cha tatu; sauti yake ilianza kuwa nzito muhula uliopita, na bado kulikuwa na siku ambazo ilisahau. Hata hivyo alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri haiachi shikamoo ya mtu ianguke chini.

"Marahaba," alijibu kwa besi yote aliyokuwa nayo. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mzee."

Mlangoni kukasikika kishindo. Bibi yake, Kokuhirwa, alikuwa ameangusha beseni la maharage, na sasa ameegemea mlango akicheka bila sauti, mkono mmoja tumboni, mwingine ukipunga hewani kuomba msaada.

"Linaniuliza kila asubuhi mume wangu anarudi lini," alisema alipopata pumzi. "Nikasema maskini, limemkumbuka marehemu. Kumbe ni wewe!"

"Mke wangu," Muganyizi alisema kwa huzuni kubwa, akiangalia maharage sakafuni, "hivi ndivyo unavyompokea mwanamume aliyetoka mbali?"

"Toka hapa! Okota maharage, mume usiye na ndevu."

Ili haki itendeke, ni lazima ielezwe jinsi mwanafunzi wa bweni, mwenye barua mbili za onyo kutoka kwa mwalimu wa nidhamu, alivyopata kuwa mwenye kibanja, yaani shamba la migomba.

Boksi lile waliliita Mnyapara. Kila nyumba ya mtelemko wa Kyamulinga ilikuwa nalo, tangu mnyauko ulipomaliza migomba ya vilima vya jirani na watu wakajifunza kula wali siku za kazi. Chini ya Mnyapara walikuwepo siafu: vidude vya bati vyenye ukubwa wa kidole gumba, vingi kama dhambi, ambavyo vilishinda vikipanda na kushuka mashinani. Viling'oa magugu na kuyalaza kwa mistari. Viliingia chini ya magamba ya mgomba na kuwatoa fukusi mmoja mmoja, kama mama anayemtoa mtoto funza. Vilinusa utomvu, na vikikuta ugonjwa vilimwambia Mnyapara. Vikikusanyika, viliweza kukata mgomba mzima kwa meno, kisha vikayapitisha meno hayo kwenye kimoto kidogo kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Lakini havikukata bila neno la mwenye shamba. Hiyo ilikuwa sheria, na ilikuwa na sababu yake. Zamani serikali ilituma watu na mapanga kufyeka migomba yenye ugonjwa, na matokeo yake yalikuwa kwamba hakuna aliyekubali kuwa na mgomba wenye ugonjwa. Watu waliificha nyuma ya nyumba kama pombe. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio kilikuja, kikaumbua vijiji vizima. Ndipo ikaamuliwa: neno la mume, au neno la mke, na si la mtu mwingine yeyote.

Na Mnyapara alimjuaje mume na mke? Kwa masikio. Maboksi ya kwanza yaliandikiwa majina, na mashemeji wa mjini wakaandikisha yao; wajane wakaamka wakakuta vibanja vyao vinamtii mtu aliye ghorofani. Kwa hiyo wahandisi wakatengeneza boksi lisilosoma majina wala kuomba vyeti. Lilisikiliza tu. Nani anamwita nani nini. Nani anatengewa chakula kwanza. Nani anagombezwa akichelewa. Kwa miaka mingi lilipatia, na wahandisi wakapewa nishani.

Likizo iliyopita, Mnyapara wa Kokuhirwa, ambaye tangu msiba wa Babu alikuwa na mke bila mume, alisikia haya: "Mume wangu, uji umeiva." "Mume gani huyu hafui soksi?" "Jamani, nitalala njaa na mume ninaye!" Alisikia asubuhi, akasikia jioni. Akapima. Na kwa kuwa alitengenezwa na watu waliosoma sana hata wakasahau jinsi bibi zao walivyokuwa wakiwaita, akaamua.

*

Madaraka hayakumharibu Muganyizi papo hapo. Yalimharibu baada ya chai.

Aliwapanga siafu uani kwa vikosi akawapigisha gwaride. "Mguu sawa! Mguu pande! Nyuma, geuka!" Siafu wote wakageuka kwa mlio kama mvua ya mchele. Akamteua mmoja kuwa kiranja, akamfunga kipande cha uzi mwekundu, na baada ya muda mfupi akamvua cheo kwa utovu wa nidhamu. Akamwagiza Mnyapara atangaze chakula cha mchana kwa sauti ya matangazo ya vifo: "Familia ya Kokuhirwa inasikitika kutangaza kwamba ndizi zimeiva. Zitazikwa leo mezani. Habari ziwafikie wote wenye njaa."

Bibi alicheka mpaka akamwaga chumvi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nguvu, na sketi zake zote zilikuwa na mfuko aliouongeza mwenyewe, wa kuwekea vitu ambavyo havikuwa vyake. Parokiani walimwogopa kidogo. Muganyizi hakuwa na rafiki aliyempenda zaidi duniani, ingawa shuleni alisema ni mpira.

"Na huo mgomba mmoja?" aliuliza akimenya. "Boksi limesema kuna mmoja hatuuzungumzii."

"Kama hatuuzungumzii," alisema Bibi, "mbona unauzungumzia?"

Akamwongezea ndizi. Muganyizi aliona kwamba amemwongezea nyingi mno, na mtu aliyewahi kuhonga walinzi wa bweni hutambua hongo hata ikiwa na nazi.

Mgomba wenyewe aliujua tangu utotoni. Ulisimama pembeni ya jiko, shina la nshakala, ndizi ya kupika, lenye watoto na wajukuu kulizunguka, na jina lake lilikuwa Mahari. Siku Kokuhirwa alipoolewa, baba yake alipokea ng'ombe, pombe na blanketi, wazee wakapiga makofi, na bibi harusi akagundua kwamba katika shughuli yote hiyo yeye hakuambulia kitu. Basi kabla ya kuondoka aliingia kibanjani kwa baba yake, akang'oa chipukizi la mgomba bora kuliko yote, akaliweka ndani ya nguo za harusi. Wageni walisema bibi harusi anaonekana mnene. Alitembea nalo hivyo njia nzima mpaka kwa mumewe, akalipanda kabla hajaonyeshwa chumba.

"Wao walichukua mahari yao," alizoea kusema. "Na mimi nikachukua yangu."

Muganyizi aliuzunguka Mahari polepole. Majani yalikuwa ya kijani. Yalikuwa ya kijani kupita kiasi, kama mwanafunzi anayejibu "ndiyo, mwalimu" haraka mno. Alivuta moja, likaja lote mkononi, pamoja na kamba iliyokuwa imelifunga. Chini yake kulikuwa na jani la kweli, la manjano, limevunjika shingo na kulala juu ya shina.

Akavuta jingine. Nalo lilikuwa limefungwa. Shina lilipakwa jivu na pilipili kutoka chini hadi kimo cha bibi mfupi aliyepanda ngazi, na siafu waliolisogelea walirudi nyuma wakitetemeka.

Alisimama akaitazama kazi ile kwa heshima zote. Yeye mwenyewe aliwahi kulaza mto na mpira wa miguu kitandani, akafunika blanketi, akatoroka, na mwalimu wa zamu akaupa mpira ule pole kwa homa. Lakini hii ilikuwa kazi ya bingwa.

Akachuma ndizi moja iliyoiva kabla ya wenzake, akaivunja. Ndani ilikuwa ya kahawia, kana kwamba mtu amemimina chai kwenye nyama yake.

"Rudisha hilo jani," sauti ilisema nyuma yake.

Bibi alikuwa amesimama na panga mkononi, na kamba mpya begani.

"Bibi, ni mnyauko."

"Ni jua."

"Bibi."

"Jua la mwaka huu ni kali. Hata mimi nimekuwa manjano, utanikata?"

Muganyizi aliliangalia panga. Lilikuwa na utomvu mbichi kwenye makali. Akaangalia majani mazuri aliyoyavua: yalikatwa kwenye migomba mingine, panga lile lile, kutoka huyu kwenda yule. Akakumbuka siku utani wake ulipomfanya mtoto wa kidato cha kwanza aanguke ngazini. Akalichukua panga taratibu mkononi mwa Bibi, akalipeleka jikoni, akalilaza juu ya makaa mpaka likawa jeusi. Bibi hakumzuia. Alikaa kwenye kinu, akaanza kusokota ile kamba kama mtu mwenye kazi nyingi.

"Nilidhani utapona," alisema. Hakuwa akimwambia Muganyizi.

*

"Mzee mwenye shamba," Mnyapara alisema kesho yake, Bibi alipokwisha kwenda kanisani, "naomba nafasi ya taarifa."

"Sema."

"Mkeo amekataa neno mara zote nilizomwomba. Ni haki yake. Lakini umevua majani na umevunja ndizi mbele ya siafu wangu, na sasa sihitaji kunusa. Mnyauko huu unashuka na maji. Migomba mliyokata majani bado ni mizima, na upande wa juu hakuna kibanja. Upande wa chini kuna kibanja cha Kyaruzi, kisha vingine mpaka mtoni. Mvua ikinyesha kabla shina hilo na watoto wake hawajakatwa na kufukiwa, nitakuwa na kazi nyingi, halafu sitakuwa na kazi kabisa."

"Mvua ni lini?"

"Leo, baada ya mchana. Kama si wakati huo, usiku."

Kabla Muganyizi hajajibu, kulisikika hodi uani. Alikuwa Bwana Kyaruzi mwenyewe, jirani wa chini, mwalimu wa kwaya, mtu mrefu aliyezoea kuinama kwenye milango hata ile iliyomtosha. Leo aliruka ibada. Alikuwa amevua kofia.

"Karibu, Bwana Kyaruzi. Bibi hayupo."

"Najua hayupo. Nimengoja aende." Kyaruzi alikaa, akasimama, akakaa tena. "Mzee mwenzangu. Maana nasikia hapa wewe ndiye mzee."

"Ni utani tu, Bwana Kyaruzi."

"Najua ni utani. Mimi mama yangu mzazi anamwita mwanangu wa chekechea mume, na anamnunia asipomletea zawadi. Lakini boksi halijui." Alishusha sauti. "Nilimwona Bibi yako juu ya ngazi, na kamba mdomoni, anafunga majani. Umri ule! Nikanyamaza. Niliimba kwenye msiba wa babu yako, ningemwanika vipi mbele za watu? Lakini watoto wangu wanakula kutoka kibanja kile, kijana. Wote. Na maji hayajapata kupanda mlima."

"Umemwambia yeye?"

"Kaniambia ni jua."

Wakatazamana. Wangeweza kucheka, lakini hakuna aliyeanza.

"Sema ndiyo," Kyaruzi alisema. "Neno moja tu. Akirudi atakuta kumekwisha. Atalia, atakununia, mwisho atakusamehe. Mabibi husamehe wajukuu, ndiyo kazi yao."

Akavaa kofia, akaondoka haraka, kama mtu aliyeacha kitu kizito kwenye nyumba ya mwenzake na hataki kurudishiwa.

Muganyizi aliingia jikoni, akasimama chini ya boriti.

"Mnyapara. Nikikuambia ukate, utakata?"

"Nitauliza swali moja kwanza. Kwa kukata mgomba wenye jina, sheria inataka niulize kwa sauti: wewe ni mume wa Kokuhirwa? Ukijibu ndiyo, nakata."

"Na nikijibu hapana?"

"Nitakufuta. Nitamngoja mke. Na siku zote zijazo nitajua kwamba katika nyumba hii neno 'mume' halina maana, wala 'mke wangu', wala 'mwenzangu'. Nitawaambia na Wanyapara wengine, ili wasikosee kama mimi."

Hapo ndipo ilipobana. Muganyizi alikuwa ameshasema uongo mwingi maishani, na mwingine aliusema vizuri mpaka alijivunia. Uongo wa tumbo kuuma. Uongo wa shangazi kuzaa mapacha, ambao ulimpa ruhusa ya kutoka mara mbili, pacha mmoja mmoja. Huu ulikuwa mdogo kuliko yote, neno moja, na ungeokoa mtelemko mzima. Kwa hesabu ya kawaida, mtu mwema angesema ndiyo akaenda kuoga.

Lakini aliiona jioni inayokuja. Bibi anarudi, anakuta shimo. Anauliza nani ametoa neno. Mnyapara, ambaye hajui kudanganya, anasema: mumeo. Na jina lile, ambalo alikuwa akiitwa tangu hajaota meno, likiwa limechanganywa na uji na kukunwa mgongo, linakuwa ni ufunguo ulioibwa wakati mwenyewe hayupo. Angemwitaje tena asubuhi? Halafu watu wa Kyamulinga wangesikia. Wangesema: kumbe ukimtania mjukuu, boksi linakuuza. Mabibi wote wangenyamaza mbele ya maboksi yao. Na wangerudi kuficha, safari hii wakiwa na kamba nzuri zaidi.

Nje upepo uligeuka, ukaleta harufu ya vumbi lililolowa mahali fulani mbali.

Angeweza pia kusema hapana. Ukweli mtupu, mikono safi, na watoto wa Kyaruzi wakala ukweli.

"Mzee?" Mnyapara aliuliza. "Nakusubiri."

"Msubiri na mke wangu," alisema Muganyizi. "Sisemi nyuma ya mgongo wake."

*

Bibi alirudi mbingu ikiwa imeshaiva kwa mvua, mwavuli wa kanisani kwapani, na alipomwona mjukuu wake amesimama uani kwa miguu sawa kama aliyeitwa ofisini, akajua.

"Nani kafa?"

"Bado," alisema Muganyizi. "Mke wangu, kaa chini. Tuna kikao cha nyumba."

"Sina muda wa mchezo."

"Nami sina, Bibi. Kaa."

Alikaa kwenye kinu. Muganyizi akamweleza yote bila kuyapamba: maji, kibanja cha Kyaruzi, mvua ya leo, swali la boksi. Hotuba aliyoiandaa ilikuwa na sehemu tatu na methali, lakini methali zilimtoka kichwani, akabaki anaongea kama mtu.

"Boksi litaniuliza kama mimi ni mume wako," alimaliza. "Nitasema ndiyo. Nakuambia kabla, ili unikane. Ukisema, 'Huyu ni mjukuu wangu, tulikuwa tunataniana tu,' litanifuta hapo hapo. Mahari atabaki, na hakuna atakayemgusa mpaka utake. Sitakasirika."

"Utakasirika."

"Nitakasirika. Lakini chai yako nitakunywa."

Bibi alitazama upande wa jiko. Mahari alisimama bila majani yake ya kuazima, ua lake limenyauka na kuning'inia kama ngumi ya mtoto. Kando ya uzio wa chini, kofia ya Bwana Kyaruzi ilionekana, kisha ikajificha, kisha ikaonekana tena.

"Mwambie yule asimame wima, namwona," alisema Bibi. Halafu, taratibu: "Nilikuwa na miaka kama yako. Njia nzima linanichoma mbavu. Nikisimama, nasema na lenyewe: tulia, wataona." Akafuta uso kwa kiganja, kwa hasira, kama anafukuza nzi. "Nani kakufundisha kumtega mtu mzima mchana kweupe?"

"Wewe."

"Sikukufundisha vizuri. Mtego hauonyeshwi mnyama."

"Wewe si mnyama, Bibi."

Ngurumo ikapita juu ya mlima kama mtu anayeburuta meza bwenini. Muganyizi akapaza sauti kuelekea jikoni.

"Mnyapara! Kata Mahari, na watoto wake wote."

"Nimesikia," Mnyapara alijibu. "Kwa sheria ya neno la mwenye shamba, nakuuliza: wewe ni mume wa Kokuhirwa?"

Muganyizi alivuta pumzi. Akakusanya besi yake yote. "Ndiyo," akasema, na sauti, msaliti mkubwa, ikapanda juu kama filimbi ya refa.

"Sauti haikutambulika. Tafadhali mwite mzee."

Bwana Kyaruzi alikohoa nyuma ya uzio. Bibi aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Muganyizi hakuweza kujua kama ni kicheko ama ni kile kingine, na pengine Bibi mwenyewe hakujua.

"Ndiyo!" alirudia, safari hii kutoka kwenye kisigino. "Ni mimi!"

"Sauti inafanana na ya mwenye shamba kwa sehemu tu. Kwa kuwa mke yupo, namuuliza yeye. Kokuhirwa, huyu ni mumeo?"

Kuku alipita kati yao akidonoa, hana habari. Neno moja lingetosha, na lilikuwa neno la kweli, ambalo hata padri asingelilaumu. Muganyizi aliitazama miguu yake. Alikuwa amekiri kwamba atakasirika, na sasa aligundua kwamba alichokuwa akikiogopa si hasira. Aliogopa kusikia, mbele ya jirani na mashine, kwamba yale yote hayakuwa kitu.

Bibi aliinuka kutoka kwenye kinu. Alinyoosha sketi yake ya kanisani.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyo. Na ni mume mbaya. Mume mbaya kuliko wote walionioa."

"Imepokelewa," alisema Mnyapara. "Ubaya wa mume hauzuii neno lake. Je, nimfute kwa siku zijazo?"

"Umfute, halafu nani atachimba shimo? Hao wadudu wako wa bati?"

"Siafu hawachimbi, mama."

"Basi muache."

Siafu walikuja kutoka kila upande wa kibanja, wakajipanga kuzunguka shina, na mlio wa meno yao ulikuwa mdogo, kama watu wengi wanaonong'ona. Bibi alisogea. Akaweka kiganja kwenye gamba la Mahari, akakiacha hapo mpaka shina lilipoanza kuegemea, kisha akarudi nyuma hatua moja, ile tu iliyohitajika. Mgomba ulilala chini bila fujo. Watoto wake walifuata. Bwana Kyaruzi aliruka uzio na jembe lake mwenyewe, akaanza kufungua ardhi upande mmoja. Muganyizi akachukua upande wa pili.

Walikuwa wamefika magotini mvua ilipoanza. Si mvua ya kujaribu, ilikuja yote. Udongo ukawa mzito, jembe likaanza kuteleza, na Muganyizi akaona kwa jicho la pembeni maji ya kwanza yakitafuta njia kuelekea lundo la magamba na majani ya manjano, ili yalioshe na kushuka nalo.

Bibi aliliona pia. Akafungua mwavuli wa kanisani, ule mweusi wenye mpini wa mfupa, akachuchumaa kando ya lundo na kuufunika juu yake. Akatandaza na upande wa sketi yake ya heshima ili maji yapite pembeni. Alikaa hivyo, kichwa chake mwenyewe nje, mvua ikimtiririka usoni, mkono mmoja ukiushika mwavuli na mwingine ukirudisha ndani kila jani lililojaribu kutoroka.

"Bibi!" Muganyizi aliita kutoka shimoni, macho yamejaa matope. "Mimi nalowa huku!"

"Lowa," alisema Bibi. "Wewe huna mnyauko."